Hugo Viana, kiungo aliyezunguka

Jioni hii sina matokeo ya kukusomea wala msimamo wa ligi. Nina jina moja tu, Hugo Viana. Ikiwa ulifuatilia Ligi Kuu ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, huenda unamkumbuka kwa mbali: kijana wa Kireno, jezi ya milia myeusi na myeupe ya Newcastle, mguu wa kushoto. Na kila yanapohesabiwa majina ya wachezaji walionunuliwa kwa fedha nyingi wakashindwa kung'ara, lake halikosekani. Mimi silikubali hilo hata kidogo, na nimekuja kulitetea jina lake. Viana hakuwa mchezaji mbaya. Alipangwa mahali pasipo pake, akazungushwa klabu hii na ile, na aliyoyaona akiwa kwenye benchi za watu yamekuja kubadilisha historia ya klabu nzima. Nisikilize mpaka mwisho kisha uamue mwenyewe.

Alizaliwa Januari 1983 huko Barcelos, mji wa kaskazini mwa Ureno, jirani na Braga. Lishike jina hilo la Braga, lina sehemu yake mbele. Akiwa angali mdogo akachukuliwa na Sporting ya Lisbon, klabu iliyojijengea heshima kwa kulea vijana. Luís Figo alipita humo kabla yake. Msimu wa 2001/02 kocha Mromania László Bölöni aliwapandisha Viana na kijana mwingine, Ricardo Quaresma, wakacheza na watu wazima. Mbele alikuwapo Mbrazili Mário Jardel, ambaye msimu ule alifunga magoli 42 ya ligi. Kazi ya Viana ilikuwa katikati ya uwanja: kuupokea mpira kutoka kwa mabeki, kuinua kichwa, kuupeleka mbali. Hakuwa na mbio. Hakuwa mtu wa chenga. Alichokuwa nacho ni pasi ya mita 40 inayotua mguuni kwa mwenzake, na mipira ya adhabu iliyowasumbua makipa. Sporting ikachukua ubingwa wa ligi na Kombe la Ureno mwaka huo huo, na kiungo wao alikuwa na umri wa miaka 19.

Naomba uuweke akilini ubingwa huo wa 2002. Baada yake Sporting ilikaa muda mrefu sana bila kugusa kombe la ligi.

Kiangazi hicho mambo mawili yakamkuta kwa mpigo. La kwanza, Ureno ilikuwa inajiandaa kwenda Kombe la Dunia la Korea Kusini na Japani, na Daniel Kenedy akaondolewa kikosini baada ya kipimo cha dawa zilizokatazwa. Aliyeitwa kuziba nafasi yake ni Viana. Ikawa mashindano yake makubwa ya kwanza ameyaingia kwa mlango wa mtu mwingine. La pili, Newcastle ikaja na pauni milioni 8.5. Sporting ilikuwa inajenga uwanja mpya, ule uliofunguliwa Agosti 2003, na klabu za Ureno tangu zamani zinaishi kwa kuuza. Nchi ya watu takribani milioni 10, fedha za televisheni chache, madeni mengi. Kijana akichipua anauzwa. Hakuna ubaya wowote katika kuuza, ila anayeuzwa akiwa na miaka 19, baada ya msimu mmoja tu wa kweli, anaondoka kabla hajajifahamu yeye ni mchezaji wa aina gani.

Kocha wa Newcastle alikuwa Sir Bobby Robson, mzee aliyeijua Ureno vizuri. Aliwahi kuifundisha Sporting yenyewe, kisha Porto, wakati ambapo José Mourinho alikuwa mkalimani na msaidizi wake. Kwa hiyo Viana hakwenda kwa kocha asiyemfahamu. Tatizo lilikuwa mchezo wenyewe. Newcastle ya Robson ilikuwa timu ya kasi: Craig Bellamy mbele akikimbia kama upepo, Kieron Dyer na Jermaine Jenas katikati wakipanda na kushuka dakika 90, Gary Speed na uzoefu wake wote, na Alan Shearer akingoja krosi. Uingereza ya wakati ule ilicheza viungo wawili wa kati, na kila mmoja alitakiwa kukaba, kukimbia na kuingia boksi. Kijana anayehitaji sekunde mbili za kuinua kichwa hakupewa hata moja. Akasukumwa pembeni kushoto, kwa hoja kwamba anatumia mguu wa kushoto, na huko alimkuta Laurent Robert, Mfaransa mwenye shuti la kutisha. Hapo ndipo walipomharibia. Winga anapimwa kwa kumpita beki, na Viana tangu azaliwe hakuwa mtu wa kumpita beki.

Hata hivyo kuna usiku mmoja ambao wanaomwita aliyeshindwa huusahau. Katika Ligi ya Mabingwa ya 2002/03 Newcastle ilipoteza mechi zake tatu za kwanza za kundi. Haikuwahi kutokea timu ikafungwa tatu za mwanzo halafu ikavuka. Wakaifunga Juventus, wakaifunga Dynamo Kyiv, na tarehe 13 Novemba 2002 wakaenda Rotterdam kucheza na Feyenoord wakihitaji ushindi. Bellamy akafunga kabla tu ya mapumziko. Mara baada ya mapumziko Viana akafunga la pili. Feyenoord wakarudisha yote mawili, na mwishoni kabisa Bellamy akafunga la tatu. Newcastle ikavuka. Lile goli la Viana halina sauti kubwa kwenye kumbukumbu kwa sababu la Bellamy lilikuja mwisho, lakini liondoe goli hilo uone kama hesabu inakamilika.

Msimu wa pili alicheza mechi chache zaidi, na mwaka 2004 akarudishwa Sporting kwa mkopo.

Msikilizaji, hapa nataka kusimama kidogo kwenye jambo la mkopo, maana wengi tunalisikia kila dirisha la usajili bila kufikiria maana yake kwa mtu mwenyewe. Mchezaji wa mkopo anafanya kazi katika nyumba ya mtu mwingine. Akicheza vizuri, thamani inapanda kwa klabu iliyomtuma. Akicheza vibaya, klabu zote mbili zinamtazama kwa jicho la shaka. Kocha anayempokea anajua ataondoka, kwa hiyo nafasi ikigombaniwa baina yake na kijana wa nyumbani, kijana wa nyumbani ana faida. Mwishoni mwa msimu hajui watoto wake watasoma wapi. Na kubwa kuliko yote, kocha aliyekutaka anaweza kufukuzwa Oktoba, ukabaki na kocha asiyekujua. Wakati Viana yuko Lisbon kwa mkopo, Robson alikuwa ameshaondolewa Newcastle, mwezi Agosti 2004. Mtu aliyemnunua hakuwapo tena wa kumrudia.

Msimu huo wa mkopo Sporting, chini ya kocha José Peseiro, ilifika fainali ya Kombe la UEFA, na njiani iliitoa Newcastle yenyewe katika robo fainali. Fainali ilipangwa kuchezwa katika uwanja wao wa José Alvalade, tarehe 18 Mei 2005. Siku nne kabla yake walikuwa wamefungwa na Benfica na matumaini ya ubingwa wa ligi yakayeyuka. Fainali wakatangulia kufunga kupitia Rogério, kisha CSKA Moscow wakafunga matatu. Ndani ya juma moja wamekosa vyote viwili, kimoja kati ya hivyo wakiwa nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Mchezaji akipita juma la namna hiyo halimtoki.

Kutoka hapo akaelekea Hispania, Valencia, ambako katikati ya uwanja walikuwapo David Albelda na Rubén Baraja, viungo walioipa klabu ile ubingwa wa Hispania mwaka 2002 na 2004. Ungekuwa wewe kocha, ungemtoa nani kati yao? Akacheza hapa na pale, akapelekwa Osasuna ya Pamplona kwa mkopo. Miaka hiyo ya Hispania sitaikalia sana. Ilikuwa miaka ya kungoja.

Ila katikati ya miaka hiyo ipo siku ambayo wengi wenu mliiona kwa macho yenu. Tarehe 1 Julai 2006, Gelsenkirchen, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ureno na Uingereza. Ureno walimkosa Deco na Costinha, wote wawili wametolewa kwa kadi nyekundu katika ile mechi ya vurugu dhidi ya Uholanzi. Viana aliingia akitokea benchi. Rooney akapewa kadi nyekundu, dakika 120 zikaisha bila bao, ikaja mikwaju ya penalti. Simão akafunga. Lampard, kipa Ricardo akapangua. Kisha akaja Viana. Kijana ambaye klabu yake haimpi dakika za kutosha anatembea peke yake kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta, mbele ya dunia nzima. Mpira ukagonga mlingoti. Baadaye Petit naye akakosa. Ricardo akawazuia Gerrard na Carragher, Cristiano Ronaldo akafunga ya mwisho, na Ureno ikavuka. Shangwe zote zikaenda kwa kipa na Ronaldo, na ni haki yao. Mimi nitamheshimu daima aliyekubali kuipiga penalti ile. Mchezaji wa akiba angeweza kuinamisha uso kocha alipokuwa anatafuta wapigaji, na hakuna ambaye angemuuliza.

Sasa tufike Braga. Mwaka 2009, akiwa na miaka 26, Viana akarudi kaskazini mwa Ureno, jirani kabisa na alikozaliwa. Braga haikuwa klabu ya ubingwa. Soka la Ureno ni la wakubwa watatu, Benfica, Porto na Sporting, wengine wanagombania makombo. Lakini kocha Domingos Paciência alimweka Viana pale ambapo Newcastle ilikataa kumweka: katikati, akiwa na watu wa kukaba pembeni yake na watu wa kukimbia mbele yake. Na ule mguu wa kushoto ukazungumza tena. Msimu wa 2009/10 Braga ilimaliza ya pili, pointi tano nyuma ya Benfica, ikaziacha nyuma Porto na Sporting. Ikaenda kutafuta nafasi ya Ligi ya Mabingwa, ikaitoa Celtic, ikaitoa Sevilla, ikaingia makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Arsenal iliwapiga sita bila London. Walipokuja Braga wakarudi na mbili mgongoni.

Waliposhushwa kwenye Ligi ya Europa, wakaitoa Liverpool, wakaitoa Dynamo Kyiv, na katika nusu fainali wakaitoa Benfica kwa goli la Custódio, ambaye naye ni zao la Sporting. Fainali ikawa ya Wareno watupu, Braga na Porto, mjini Dublin, tarehe 18 Mei 2011, miaka sita kamili tangu ile fainali ya Alvalade. Viana alianza. Radamel Falcao akafunga kwa kichwa kabla ya mapumziko, ikaisha moja bila. Fainali ya pili ya Ulaya, na ya pili kupotea kwa klabu yake. Sina la kuipamba. Inauma tu.

Mwaka uliofuata kocha wa taifa, Paulo Bento, alitaja kikosi cha Euro 2012 na Viana hakuwamo. Carlos Martins akaumia, Viana akaitwa. Miaka kumi baada ya kuingia Kombe la Dunia kwa nafasi ya Kenedy, anaingia Euro kwa nafasi ya Martins. Alimaliza na mechi 29 za timu ya taifa, na nyingi kati yake aliingia wakati wenzake wameshalowa jasho. Katika kizazi kilichokuwa na Deco, Maniche, Tiago, João Moutinho na Raul Meireles, kuitwa mara 29 si jambo dogo.

Januari 2012 Braga ilimpokea kwa mkopo kiungo mwingine, kutoka Benfica, aliyekuwa amekosana na kocha wake. Jina lake Rúben Amorim. Wakacheza pamoja na Viana hadi 2013. Katika msimu huo wa mwisho Peseiro yule yule wa 2005 alikuwa kocha wao, wakaifunga Porto na kutwaa Kombe la Ligi.

Kisha Viana akaenda Dubai, Al Ahli, akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Falme za Kiarabu msimu wa 2013/14, na baadaye akahamia Al Wasl. Wapo wanaosema kwenda Ghuba ni kustaafu kwa mshahara. Wanaosema hivyo hawaijui kazi ya mchezaji wa kigeni kule. Wakati ule klabu iliruhusiwa wageni wachache tu, kwa hiyo kila mgeni alitarajiwa aamue mechi, na timu ikifungwa wa kwanza kutazamwa alikuwa yeye. Mwaka 2016 akatundika daluga.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huyu, naona, miguu yake ilimlisha.

Mei 2018 watu waliofunika nyuso waliuvamia uwanja wa mazoezi wa Sporting huko Alcochete wakawapiga wachezaji. Wachezaji kadhaa walivunja mikataba wakaondoka, kipa Rui Patrício akiwa mmojawapo. Rais akaondolewa, Septemba akachaguliwa daktari Frederico Varandas, na Varandas akamwita Viana awe mkurugenzi wa michezo. Klabu haina fedha, haina utulivu, na haijachukua ubingwa tangu 2002.

Machi 2020 Sporting ililipa euro milioni 10 kumchukua kocha kutoka Braga. Kocha huyo alikuwa Amorim, mwenye miezi michache tu ya kufundisha ligi kuu, na hata leseni ya juu ya ukocha hakuwa nayo. Lisbon watu walipiga kelele. Lakini mkurugenzi alikuwa amekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, akamjua akili yake kabla dunia haijamjua.

Tazama sasa wachezaji waliokuja kiangazi cha 2020, maana hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Pedro Gonçalves: alikuwa kwa vijana wa Valencia, akaenda Wolverhampton, hakupewa nafasi, akapatikana Famalicão. Pedro Porro: mali ya Manchester City, hajawahi kuichezea mechi hata moja, anazungushwa kwa mikopo. Kipa Antonio Adán: akiba wa Jan Oblak pale Atlético Madrid. João Mário: hatakiwi tena Inter. João Palhinha: amerudi kutoka miaka miwili ya mkopo Braga. Ukiwaweka pamoja unaona kikosi cha watu walioketi benchi za wengine. Wakurugenzi wengi wangesoma orodha hiyo na kuona wachezaji walioshindwa. Viana aliwasoma kama mtu aliyewahi kuwa wao. Alijua kwamba kukosa dakika Wolverhampton hakumaanishi huwezi kucheza. Kunaweza kumaanisha tu kwamba kocha anataka kitu kingine. Haya ni maoni yangu, lakini nayatoa nikiwa na matokeo mkononi: Gonçalves alifunga magoli 23 akawa mfungaji bora wa ligi, na tarehe 11 Mei 2021 Sporting iliifunga Boavista moja bila, ikawa bingwa baada ya miaka 19.

Ubingwa wa mwisho kabla ya huo, Viana alikuwa kiungo. Huu, alikuwa mkurugenzi. Mtu mmoja amesimama kwenye ncha zote mbili za ukame.

Mwaka 2023 akamtoa Viktor Gyökeres Coventry, daraja la pili la Uingereza. Msweden huyo naye alikuwa amepita Brighton akatolewa mikopo bila kucheza mechi moja ya ligi kuu. Magoli 29 ya ligi msimu wa kwanza, ubingwa. Magoli 39 msimu wa pili, ubingwa tena. Sporting haikuwa imechukua ubingwa mfululizo tangu miaka ya 1950. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Viana atakwenda Manchester City kumrithi mkurugenzi wao Txiki Begiristain msimu ukiisha, na Novemba 5 City hao hao wakaja Alvalade wakafungwa manne kwa moja, Gyökeres akifunga matatu. Viongozi wa City waliona kwa macho yao timu ambayo mwajiriwa wao mtarajiwa ameijenga.

Sasa yuko Manchester, na fedha si tatizo tena. Kiangazi cha 2025 City ilimsajili kutoka Rosenborg kiungo wa Norway, Sverre Nypan, mwenye miaka 18, na wiki chache baadaye ikampeleka kwa mkopo Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mwendo mfupi wa gari kutoka Newcastle. Sidhani kuna mkurugenzi Ulaya nzima anayezijua barabara hizo na upweke wake kumzidi Viana. Namwombea kijana huyo dakika nyingi, na kocha atakayempanga katikati.